Athari ya Mpemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maji ya moto yanayoganda kabla ya maji baridi

Maswali yafuatayo ni yale ambayo watu huyarudia kila wanaposikia kwa mara ya kwanza kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji baridi. Yamejibiwa kwa ajili ya mpenzi wa sayansi asiye na maabara, ila ana friza, vikombe viwili na udadisi. Kila swali lina nambari ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Athari ya Mpemba ni nini hasa?

Ni tukio ambalo maji yaliyoanza yakiwa ya moto huganda kabla ya maji yaliyoanza yakiwa na joto dogo, ilhali vyombo ni vya aina moja, kiasi cha maji ni sawa, na vyombo vyote viwili vimewekwa mahali pamoja penye baridi kwa wakati mmoja. Hakuna anayedai kwamba maji ya moto hushinda kila mara. Dai ni kwamba jambo hilo linaweza kutokea katika hali fulani, na mabishano ya wanasayansi, ambayo yamedumu kwa zaidi ya nusu karne, yanahusu hali hizo ni zipi na iwapo zipo kweli.

2. Je, jina hili linahusiana na watu wa Pemba?

Hapana, ingawa swali ni la haki kabisa, kwa kuwa katika Kiswahili Mpemba ni mtu wa kisiwa cha Pemba. Hapa Mpemba ni jina la mtu mmoja, Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa sekondari Tanganyika alipoliona jambo hili mwaka 1963. Kwa hiyo tunaandika "athari ya Mpemba", na si "athari ya Kipemba".

3. Mwanafunzi huyo aliligunduaje?

Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, ambako wanafunzi walijitengenezea aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe hadi yakaribie joto la chumba, kisha kuyatia kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake, akihofia kukosa nafasi, alitia maziwa yasiyochemshwa kabisa. Mpemba naye, alipoona trei ya mwisho inamponyoka, akatia yake yakiwa bado ya moto, huku akijua kwamba huenda akaliharibu friji. Baada ya saa moja na nusu walikuta maziwa ya Mpemba yamekuwa aiskrimu, na ya mwenzake bado ni majimaji mazito.

Alipomuuliza mwalimu wa fizikia sababu yake, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa na kwamba jambo hilo haliwezekani. Baadaye alizungumza na rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba hutia mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi ili ugande upesi. Alipojiunga na Shule ya Mkwawa, Iringa, na darasa likafika kwenye sheria ya Newton ya kupoa kwa vitu, aliuliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu, wenzake walimtania kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Sehemu inayofuata ndiyo ninayoithamini kuliko zote, nayo husimuliwa kwa haraka mno. Siku moja alipoikuta maabara ya biolojia iko wazi, alichukua bika mbili za mililita 50, akajaza moja maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza, na baada ya saa moja akakuta barafu nyingi zaidi katika bika iliyoanza na maji ya moto. Kwa hiyo, alipopata nafasi ya kumuuliza mgeni msomi, hakuwa tena na kisa cha aiskrimu pekee mkononi, bali alikuwa na jaribio.

4. Denis Osborne anaingiaje katika habari hii?

Osborne alifundisha fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, na alikuwa amealikwa Mkwawa kutoa mhadhara. Wakati wa maswali, Mpemba alimuuliza kwa nini, ukitwaa vyombo viwili vinavyofanana vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 za Selsiasi na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza. Wanafunzi wakacheka. Osborne hakulijua jibu, lakini aliahidi kulijaribu jambo lenyewe.

Aliporudi Dar es Salaam alimkabidhi fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi alirudi na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, kisha akaahidi kwamba wataendelea kurudia jaribio hadi wapate matokeo sahihi. Majaribio yaliyofuata yakatoa matokeo yale yale. Mpemba na Osborne walichapisha habari hiyo kwa pamoja mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa tayari anasomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, na huo ndio uliokuwa ujuzi wa maisha yake. Hakuwa mwanafizikia, wala hakuhitaji kuwa mmoja.

5. Je, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona?

Hapana. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba watu waliotaka maji yapoe upesi huyaweka kwanza juani. Francis Bacon mwaka 1620 na René Descartes mwaka 1637 nao waligusia jambo la namna hiyo. Mwaka ule ule wa 1969, G. S. Kell, akiwa Kanada, alichapisha makala yake kuhusu imani hiyo hiyo, ambayo ilikuwa ikisemwa na watu wa kawaida katika nchi ile ya baridi. Ukimwongeza muuza aiskrimu wa Tanga, utaona kwamba wajuzi walikuwa wengi. Kilichokosekana ni mtu wa kulisema mbele ya wasomi, kuchekwa, na bado kudai jibu.

## Ukweli wa jambo lenyewe

6. Kwa ufupi, ni kweli au si kweli?

Jibu fupi halipo, na ninamwonea shaka kila anayelitoa. Watafiti kadhaa wameliona jambo hili likitokea, lakini ni vigumu kulifanya litokee kila unapotaka. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha matokeo ya majaribio yao pamoja na uchambuzi wa majaribio ya wengine, wakahitimisha kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha wa athari hii katika maji. Walionyesha pia kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita 1 tu juu au chini ndani ya chombo kunatosha kuleta matokeo yanayofanana na athari ya Mpemba, kwa sababu maji yanayopoa hayana joto moja toka juu hadi chini.

Sehemu ya ugomvi ni ya maana ya neno. Burridge na Linden walipima muda wa maji kufikia nyuzi 0. Wengine hupima muda hadi fuwele ya kwanza ya barafu ionekane, na wengine hadi maji yote yawe barafu. Hayo ni mashindano matatu tofauti, na chombo kinachoshinda katika moja kinaweza kushindwa katika jingine. Mpemba na Osborne walipima muda wa kuanza kuganda, na katika vipimo vyao maji yaliyoanza na nyuzi karibu 25 ndiyo yaliyochelewa zaidi, ilhali yale yaliyoanza na nyuzi karibu 90 yaliwahi sana.

7. Lakini maji ya moto si lazima yapitie kwanza joto la yale ya baridi? Yatatanguliaje?

Hili ndilo pingamizi linalorudiwa kuliko yote, na lina nguvu. Maji ya nyuzi 90 lazima yashuke hadi 25, na kutoka hapo, inasemwa, yatahitaji muda ule ule ambao maji ya nyuzi 25 yalihitaji. Kwa hiyo muda wote hauwezi kuwa mfupi zaidi. Hesabu ya nishati inaonekana kuunga mkono hoja hiyo: kila gramu ya maji hutoa takriban jouli 4.2 kwa kila nyuzi moja inayoshuka, na jouli 334 wakati wa kuganda, hivyo maji ya nyuzi 90 yana deni la ziada la jouli 270 hivi kwa kila gramu.

Udhaifu wa hoja hii umejificha katika dhana kwamba joto peke yake linatosha kueleza hali ya maji. Maji yaliyoshuka kutoka nyuzi 90 yanapofikia wastani wa nyuzi 25 si sawa na maji yaliyokaa kwenye nyuzi 25 tangu mwanzo: yamepungua kwa mvuke, yanazunguka ndani ya chombo, joto lake ni kubwa zaidi juu kuliko chini, hewa iliyoyeyuka ndani yake imetoka, na huenda chombo chake kimeyeyusha sakitu (barafu nyembamba inayojijenga ndani ya friza) kilichokuwa kimeikalia. Ni kama wasafiri wawili wanaokutana Chalinze, mmoja akiwa amepunguza mizigo njiani: wako mahali pamoja, lakini safari iliyobaki si moja. Hoja haivunji sheria yoyote ya fizikia, ila inatulazimisha tuhesabu mambo mengi zaidi ya joto.

8. Basi, sababu ni zipi?

Zimependekezwa nyingi, na ugumu ni kwamba katika friza moja zinaweza kufanya kazi kadhaa kwa pamoja.

Ya kwanza ni mvuke. Gramu moja ya maji inapogeuka mvuke huondoka na zaidi ya jouli 2,200, na maji yanayobaki ni machache ya kugandisha. Lakini tukirudi kwenye deni la swali la 7, ili mvuke peke yake uzibe pengo kati ya nyuzi 90 na 25, lazima zipotee kama gramu 10 katika kila gramu 100, kiasi ambacho utakiona wazi kwenye mizani. Osborne aliona kwamba katika majaribio yake maji yaliyopotea yalikuwa machache mno kueleza matokeo.

Ya pili ni mzunguko wa maji ndani ya chombo. Maji ya moto huinuka na yaliyopoa huzama, hivyo juu hubaki na joto kubwa, na joto hilo hutoka upesi. Mpemba na Osborne waliweka utando wa mafuta juu ya maji, na kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa, jambo lililoonyesha kwamba sehemu kubwa ya joto ilikuwa ikitokea juu.

Ya tatu ni ya jikoni kabisa: chombo cha moto huyeyusha sakitu ya friza na kugusana vizuri na sehemu baridi, wakati chombo cha baridi kinakaa juu ya sakitu ambayo huzuia joto kupita. Ndiyo maana Osborne alitandika povu gumu la plastiki chini ya bika zake.

Ya nne ndiyo inayonivutia zaidi. Maji hayagandi lazima kwenye nyuzi 0. Yanaweza kupoa nyuzi kadhaa chini ya hapo yakiwa bado majimaji, hadi chembe fulani, mkwaruzo wa chombo au mtikisiko uanzishe barafu. James Brownridge wa Marekani, aliyefanya majaribio mengi, alieleza kwamba maji ya moto hutangulia pale ambapo maji baridi yameshuka chini zaidi kabla ya barafu yake kuanza. Kama ni hivyo, mshindi huamuliwa kwa sehemu na uchafu usioonekana na mikwaruzo midogo ndani ya chombo, na hilo lingeeleza kwa nini matokeo hubadilika kutoka jaribio moja hadi jingine.

9. Nilisikia kwamba kulikuwa na shindano na jibu likapatikana. Ni kweli?

Shindano lilikuwepo. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya athari hii, na maelezo zaidi ya 22,000 yakaletwa. Mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Chuo Kikuu cha Zagreb, Korasia, ambaye aliyapima maji mwenyewe na kutaja mzunguko wa maji pamoja na kupoa chini ya nyuzi 0 kuwa sababu zinazoelekea kuwa na uzito. Zawadi, hata hivyo, si hukumu ya mwisho: makala ya Burridge na Linden ilitoka miaka minne baadaye.

## Kujaribu nyumbani

10. Nahitaji vifaa gani?

Vikombe viwili vya bati au vya chuma vinavyofanana kabisa, mizani ya jikoni, saa, kipande cha povu gumu au ubao mkavu cha kuweka chini ya kila kikombe, na kipimajoto ukikipata. Usitumie glasi, kwa sababu inaweza kupasuka kwa mabadiliko ya ghafla ya joto. Kama kuna watoto, mtu mzima ndiye ashike maji ya moto.

11. Nifanyeje ili matokeo yawe na maana?

Pima gramu 100 za maji kwa kila kikombe, yote yakiwa yametoka kwenye ndoo moja, na upime kikombe cha moto baada ya maji kuchemka, si kabla, kwa kuwa kuchemsha hupunguza maji. Kabla ya kufunga mlango wa friza, andika kwenye daftari neno "kuganda" lina maana gani kwako leo (tazama swali la 6), maana ukisubiri hadi mwisho utachagua maana inayompa ushindi yule unayempenda. Chagua kwa kurusha sarafu kikombe kipi kikae upande upi, na katika jaribio linalofuata vibadilishane nafasi.

Shauri hili la mwisho nimelilipia. Mara ya kwanza nilipojaribu, kikombe cha moto kilishinda, na nikawapigia simu ndugu zangu kuwatangazia. Nilipobadilisha nafasi, kikashinda cha baridi, na ndipo nikatambua kwamba mshindi wa siku zote mbili alikuwa upande wa kushoto wa friza, karibu na tundu la hewa baridi.

Ukiweza, mwombe mtu asiyejua kikombe kipi kilikuwa cha moto ndiye atamke kipi kimeganda. Rudia mara kumi au zaidi, na uandike pia siku ambazo matokeo hayakukupendeza. Usifungue mlango kila dakika tano.

12. Maji yangu ya moto hayakutangulia. Nimekosea?

Hapana. Hayo ndiyo matokeo ambayo hesabu ya kawaida inayatarajia, na ndiyo yanayopatikana mara nyingi. Andika na urudie.

13. Umeme ukikatika katikati ya jaribio?

Futa jaribio hilo na uanze upya siku nyingine. Friza lililopoteza baridi halipo tena katika hali uliyoanzia, hata umeme ukirudi baada ya dakika chache.

14. Naweza kutumia maziwa, ubuyu au juisi ya ukwaju badala ya maji?

Unaweza, na ikumbukwe kwamba habari yote ilianza na maziwa. Lakini sukari na chumvi hushusha kiwango cha kuganda, na maziwa yaliyochemshwa hupoteza maji na hutengeneza utando juu, hivyo kulinganisha maziwa yaliyochemshwa na yasiyochemshwa ni kulinganisha vitu viwili tofauti. Ukitaka haki, chemsha mchanganyiko wote pamoja, gawa mara mbili, poza sehemu moja kwa kuifunika, na pima uzito wa zote mbili kabla ya kuanza.

15. Je, nitaharibu friji au kuongeza matumizi ya umeme?

Kikombe kimoja hakitaharibu kitu, ila kiweke mbali na nyama na samaki, maana joto lake huyeyusha vilivyo jirani. Matumizi yataongezeka kidogo, kwa kuwa friza lazima liondoe joto lote uliloliingiza. Anayetaka kugandisha barafu za kuuza asiifanye athari hii kuwa mbinu ya kubana matumizi: hata pale inapookoa muda, haiokoi nishati.

## Maswali ya pembeni

16. Ninaishi Nairobi. Maji yangu yatafika nyuzi 100?

Hayatafika. Kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Iringa kwenye 95 hivi. Jaribio halihitaji nyuzi 100. Linahitaji tu uandike joto ulilopima badala ya lile unalolidhania.

17. Ndugu yangu aliye Kanada alirusha maji yanayochemka hewani yakawa kama theluji. Ni athari hiyo hiyo?

Ni jamaa yake, si yenyewe. Maji yanayochemka yakirushwa kwenye hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri hutawanyika kuwa matone madogo sana, kwa kuwa maji ya moto ni mepesi kutiririka na hutoa mvuke kwa wingi; matone hayo na mvuke huo huganda papo hapo kwa sababu ni madogo. Hapo hakuna vyombo viwili vyenye kiasi sawa cha maji yaliyotulia, kwa hiyo sharti la swali la 1 halijatimia.

18. Je, athari hii ipo katika vitu vingine visivyo maji?

Ndiyo, na hapa ushahidi una nguvu kuliko katika maji yenyewe. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kinadharia jinsi mfumo wenye joto kubwa unavyoweza kupata njia ya mkato ya kufikia baridi. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser huko Kanada, waliliona jambo hilo kwa kutumia punje ndogo mno isiyoonekana kwa macho, iliyo ndani ya maji na kusukumwa kwa mwanga wa leza. Kwao athari ilitokea kila hali ilipopangwa inavyotakiwa. Mwaka 2024 yalichapishwa majaribio ya athari ya Mpemba katika fizikia ya kwanta, kwa kutumia atomu zenye chaji zilizonaswa moja moja. Jina ambalo darasani lilikuwa la utani sasa ni istilahi ya kawaida katika majarida ya fizikia.

19. Na kinyume chake je? Maji baridi yanaweza kuchemka kabla ya maji ya uvuguvugu?

Nadharia ya mwaka 2017 ilitabiri kwamba mfumo baridi unaweza, katika hali maalumu, kupata joto haraka kuliko ule wenye uvuguvugu, na jambo hilo limeonekana katika majaribio ya punje ndogo kama ile ya swali la 18. Katika sufuria ya chai halitokei. Ukiwa na haraka asubuhi, anza na maji yaliyo kwenye chupa ya chai.